Kulia Juu ya Kushoto

Agosti, Moshi huvaa sweta.
Mlima umejifungia ndani, leo siku ya tisa,
na sisi mafundi wa baraza za Kiusa
tunapuliza vidole kabla ya kushika sindano.

Chizuru akaja na majora mawili, buluu iliyoiva,
akayaweka juu ya cherehani yangu kama anayelaza mtoto.
"Mama Ndeshi, kwetu sasa ni joto," akasema,
"joto la kulowesha mgongo, nyenje wanapiga kelele,
na barabara zinafungwa ili watu wacheze.
Nishonee yukata ishirini. Barabara nitaiomba manispaa."
Nikacheka mpaka uzi ukanichomoka.
Hapa barabara hufungwa na bomba lililopasuka
au msafara wa mkubwa.

Vazi lenyewe halina kola, kifungo wala zipu,
mistari minyoofu tu, kama majaruba ya mpunga.
Na majaruba anayajua, huyu: miaka miwili Chekereni,
tope magotini, akihesabu machipukizi na wakulima.
Mikono mipana. Mkanda. Basi.

Jumamosi barabara ikafungwa kweli,
kwa viti vinne vya plastiki na kamba ya katani.
Taa walizitengeneza kwa mifuko ya saruji,
mshumaa ndani, jina la kiwanda likiwaka kinyumenyume.
Ngoma iliazimwa kwa kwaya ya Pasua,
mpigaji Kanaeli, fundi baiskeli,
aliyefundishwa mapigo kwa kugongewa meza.

Hatua mbili mbele, moja nyuma.
Viganja juu, kama anayepima mvua.
Kisha inama, chomeka, inuka,
na akina mama wa Chekereni wakaangua kicheko:
"Huku si kucheza, huku ni kupandikiza!
Kwa hili sisi hulipwa kwa siku!"
Wakawa wa kwanza kuingia duarani,
migongo yao ikiijua kazi
kabla masikio hayajaijua ngoma.

Nami nikavaa haraka haraka, nikajifunga
kulia juu ya kushoto,
kama nilivyofunga blauzi maisha yangu yote.
Chizuru akanivuta kando ya mtaro.
Akafungua mkanda bila neno,
akageuza upande, akafunga tena,
ndipo akasema chini chini:
"Ulivyofunga ni kwa marehemu.
Ndio tunaowachezea. Usiku huu wanarudi nyumbani.
Lakini nguo yao tusiivae."

Ngoma ikaniondoka masikioni.

Ndewirwa, mdogo wangu,
koti lako la mwisho nililishona mimi,
usiku, kwa chemli, kwa vipimo vya kichwani,
maana nani angenituma kwako na futi?
Nilikumbuka mkono wa kijana wa kidato cha nne.
Kumbe Mererani ilikurefusha.
Vifundo vya mikono vikabaki nje,
watu wakaona, wakanyamaza kwa adabu,
ukalazwa chini ya migomba ya Kibosho
na baridi viganjani.

Nikaingia duarani. Mbili mbele, moja nyuma.
Sikulia, hatua zilikuwa nyingi za kukumbuka.
Nilipoinama kuchomeka mche usiokuwepo
mtu nyuma yangu alinikanyaga kisigino.
Sikugeuka kumtazama ni nani.

Jumatatu kilibaki kitambaa, yadi nne na kipande.
Nikakata ya ishirini na moja.
Mikono nikaiongeza inchi tatu.
Nikaipiga pasi ya mkaa, nikaikunja
kulia juu ya kushoto,
nikaitundika msumarini, nyuma ya cherehani.

Chizuru alipokuja kulipa aligusa ncha ya mkono.
"Hii ya nani?"
"Ya mteja," nikasema. "Kachelewa kuja kuchukua."
Akahesabu noti taratibu, za yukata ishirini na moja.
Za moja nikamrudishia.